Stempu ya Mke wa Mtu

Nesta Huws alikuwa amekaa chini ya kofia ya kukaushia nywele, barua imetandazwa mapajani, akipiga kelele bila kujua kwamba anapiga kelele. Hiyo ndiyo tabia ya kofia ile. Humziba mtu masikio yake mwenyewe na kuyaacha ya majirani wazi, na siri nyingi za mtaa ule zilitoka jikoni kwa njia hiyo.

"Peni tisa, Glenys! Kwa wiki! Kuifikisha barua yenyewe hapa kumegharimu zaidi!"

"Nakusikia, shoga. Na walioko kituo cha treni wanakusikia."

"Miaka kumi na tisa kwenye tanuri la mikate la Tudor! Peni tisa!"

Glenys Parry alizima kofia. Jiko likanyamaza, ikasikika mvua peke yake, ile ya mji wao wa Blaenau isiyojua kuanza wala kwisha, ikipiga paa la mawe meusi. Aliichukua barua, akaisogeza mbali na macho kwa kuwa miwani ilikuwa kwenye mkoba, akaisoma mara mbili. Ilikuwa barua ya adabu. Ilisema kwamba Bi Huws ametimiza miaka sitini, kwamba anapongezwa, na kwamba kwa mujibu wa michango yake anastahili pensheni ya peni tisa kila wiki, mpaka hapo mumewe atakapofikisha miaka sitini na mitano, ndipo atakapolipwa kwa michango ya mumewe.

"Gwilym ana miaka mingapi?" aliuliza Glenys.

"Hamsini na mmoja. Mji mzima ulinicheka nilipoolewa na mvulana. Sasa serikali nayo inanicheka." Nesta alipangusa pua kwa ncha ya taulo. "Ila wa kulaumiwa si Gwilym. Ni Tudor. Alikuwa akikata stempu kila Ijumaa, niliona kwa macho yangu kwenye kijikaratasi cha mshahara. Amekata, hakupeleka. Imekwenda wapi?"

Stempu ndilo jina ambalo watu wa rika lao bado waliipa bima ya taifa, mchango unaomletea mtu pensheni, ingawa stempu zenyewe, zile za kubandikwa kwenye kadi, zilikwisha zamani. Glenys alianza kuzifungua rola za nywele za Nesta moja moja, na kila alipobana kidole gumba na cha shahada maumivu yalimpanda hadi kwenye kiwiko. Mikono yake ilikuwa imekanda unga kwa Tudor tangu mwaka 1973, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano, kisha mchana ikaosha, ikasuka na kuseti nywele za nusu ya wanawake wa mji, kazi yake mwenyewe isiyo na bosi. Baridi yabisi ilikuwa imeingia kwenye vifundo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Alikwisha kujiahidi kwamba atakapotimiza sitini, siku ile ile, ataining'iniza aproni ya Tudor ukutani na hataishika tena. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi.

Peni tisa. Na yeye alikuwa amefanya kazi kwenye tanuri lile lile.

Aliandika ofisi ya bima kuomba hesabu ya michango yake, na jibu likaja baada ya wiki tatu. Miaka minane ya usichana, alipokuwa akifunzwa kazi kwenye saluni ya Bi Olwen, ilikuwa imejaa yote. Halafu ikaja safu ya miaka kuanzia 1965, mwaka alioolewa, na mbele ya kila mwaka palikuwa na sifuri. Glenys aliufuata msururu ule kwa kidole mpaka chini, kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake kwenye orodha ya wafu, akitumaini asilipate.

Akakitafuta kijikaratasi cha mshahara cha wiki ile mfukoni mwa koti. Bima ya taifa: imekatwa. Nesta hakuwa amesema uongo. Kama imekatwa na haikufika, basi kuna mfuko ilimoishia. Tangu hapo alianza kumtazama Emrys Tudor kwa jicho la pembeni.

Mtu ukishamshuku, hukosi sababu ya kumshuku zaidi. Tudor alikuwa mtu nadhifu, shemasi wa kanisa, kucha safi kuliko za mwokaji yeyote aliyepata kuonekana. Zamani Glenys alidhani huo ni usafi. Sasa akajiuliza mikono ile inaficha nini. Alikuwa amenunua gari jipya la kusambazia mikate. Kwa hela gani? Alikuwa amempeleka mkewe Hispania mara mbili. Mikate imepanda bei, ndiyo, lakini si kwa kiasi cha Hispania mara mbili. Siku moja Glenys alimkuta ofisini akifunga kabati la chuma kwa ufunguo, na Tudor akalifunga haraka mno, au hivyo ndivyo alivyoona.

"Bwana Tudor," alimwuliza, akijipangusa unga, "stempu yangu unailipa?"

Tudor alishangaa. "Kila mwezi, bila kukosa. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mambo ya stempu yako unayajua mwenyewe, Glenys," alisema Tudor, akarudi kwenye daftari lake.

Maneno hayo alikwenda nayo nyumbani kama jiwe ndani ya kiatu. Unayajua mwenyewe! Mwizi gani huyu, anaiba na kukejeli?

Nyumbani, mumewe Idwal alikuwa sebuleni, na droo ya kabati ilikuwa wazi. Katika nyumba zao karatasi ni kazi ya mwanamume. Mwanamke hujua chai iko wapi, blanketi liko wapi, nani amezaliwa lini. Lakini hati ya nyumba, bima, leseni na barua zote zenye dirisha la plastiki huingia kwenye droo ya mume, na zikiingia zimekwenda. Baba yake Glenys alikuwa hivyo, na babu yake aliyechimba mawe alikuwa na sanduku la bati lililofunguliwa siku ya mazishi yake tu. Idwal alikuwa dereva wa lori la halmashauri, mpole, sauti yake ikisifika kwenye kwaya. Alimwona mkewe, akaisukuma droo kwa goti.

"Unatafuta nini humo?" aliuliza Glenys.

"Aa, napanga panga tu."

"Leo? Hujapanga kitu tangu tuoane."

"Basi leo nimeanza." Akacheka, lakini macho hayakucheka.

Alimwonyesha ile orodha ya sifuri. Idwal aliisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Mimi ningekuwa wewe, ningeachana na Tudor."

"Niachane naye? Ameniibia miaka ishirini na mitatu!"

"Tudor si mwizi, Glen."

"Umejuaje?"

Idwal akasema anakwenda kuwatazama njiwa wake. Njiwa walikuwa wameshalishwa. Glenys alisimama dirishani akimwangalia amesimama kwenye mvua, mikono mfukoni, mbele ya banda, bila kuwatazama njiwa hata kidogo. Hapo ndipo shaka yake, iliyokuwa na miguu miwili, ikaota wa tatu. Hawa wanaume wawili waliimba pamoja kwaya moja kila Jumanne. Walikuwa wakiambiana nini?

Jumamosi ilipofika hakuweza kuvumilia tena. Duka lilikuwa limejaa, watu wamepanga mstari hadi mlangoni wakisubiri mkate wa zabibu, na Nesta mwenyewe alikuwa wa nne, kikapu mkononi, masikio juu. Glenys alitoka nyuma, aproni imejaa unga, akasimama mbele ya kaunta upande wa wateja.

"Bwana Tudor. Nataka kujua stempu yangu iko wapi."

Tudor aliweka chini mkate aliokuwa akiufunga.

"Glenys, njoo nyuma tuongee."

"Nyuma nimekaa miaka ishirini na mitatu. Tutaongea hapa hapa. Unakata kila Ijumaa, na serikali inasema haijaona kitu. Na Nesta hivyo hivyo. Labda Wahispania wanajua ilipo."

Mtu mmoja mstarini akacheka, akajuta. Tudor alipauka, kisha akawa mwekundu hadi masikioni. Aliingia ofisini, zikasikika funguo, mlango wa chuma ukalia. Aliporudi alikuwa na bahasha kuukuu ya kahawia. Aliishika kifuani, upande wenye maandishi umegeukia ndani.

"Kwa mara ya mwisho, nakuomba tuingie nyuma."

"Weka hapo."

Akaiweka juu ya kaunta, kati ya mikate. Ndani yake palikuwa na cheti cha rangi iliyofifia. Kilisema kwamba mwenye cheti hiki ni mwanamke aliyeolewa, kwamba amechagua kwa hiari yake kulipa mchango mdogo akiwa ameajiriwa na kutolipa kabisa akiwa amejiajiri, na kwamba anafahamu kuwa michango hiyo haimpatii pensheni yake mwenyewe. Mwajiri akitunze kwa muda wote atakapokuwa naye kazini. Chini kulikuwa na sahihi, na mwaka: 1965.

Glenys Parry. Herufi P ilikuwa na mkia mrefu uliozunguka na kulikumbatia jina zima. Aliijua P ile. Aliifanyia mazoezi majuma mawili kabla ya harusi, nyuma ya daftari la miadi la Bi Olwen, akitaka jina lake jipya liwe na madaha. Aliandika hivyo mwaka ule mmoja tu. Baadaye alichoka, mkia ukakatika.

"Ulinipa siku ya kwanza," alisema Tudor kwa sauti ya chini. "Cha Nesta kilikuwa hivyo hivyo, nilimrudishia alipoacha kazi. Nilikata kidogo kwa sababu ndivyo kinavyoniamuru. Nilidhani unajua."

Nesta alikuwa ametoka kwenye mstari na kwenda zake.

Glenys hakumaliza zamu. Alipanda mtaa kwa miguu, mvua ikiugeuza unga wa aproni kuwa kinyunga, aibu ikimchoma na hasira ikimchoma zaidi, kwa sababu hasira ilikuwa imenyang'anywa mahali pa kukaa. Siku ile ya kwanza ya kazi aliikumbuka vizuri. Alimpa Tudor bahasha, kweli. Lakini bahasha ilikuwa imefungwa, na aliyemkabidhi asubuhi ile, akimwambia "mpe karatasi zako hizi," alikuwa Idwal.

Alimkuta mezani. Uso wake ulionyesha kwamba habari imemtangulia. Katika mji ule habari hupanda kilima haraka kuliko mtu.

"Ulijua," alisema Glenys.

"Nilijua."

"Ndiyo maana ya kupanga droo."

"Nilikuwa natafuta barua. Mwaka sabini na saba walituandikia, wakauliza kama unataka kuendelea na stempu ndogo ama kubadili. Nilitaka nione tulijibu nini."

"Tulijibu? Mimi sijapata kuiona barua hiyo!"

"Nilikuonyesha, Glen. Ulikuwa unamtia mtu dawa ya nywele hapo hapo. Ukasema, weka kwenye droo."

Alitaka kumwambia kwamba anasema uongo, lakini ulimi ukasita. Ni kweli kwamba hivyo ndivyo angesema. Amesema hivyo mara mia kuhusu barua mia.

"Na ile ya kwanza? Nani aliyenifanya nitie sahihi?"

Idwal alikizungusha kikombe kwenye kisahani chake. "Bi Olwen alikuwa anafunga saluni. Alikuwa anauza kofia ya kukaushia. Ulikuwa huli wala hulali, kofia, kofia. Nikakwambia tungoje, hela hazitoshi, na ukianza kazi yako mwenyewe utatakiwa kulipa stempu ya waliojiajiri. Ukaja na fomu ya kuomba usilipe. Ukasema, 'Nina mume, stempu ya nini?' Mimi nilijaza, wewe ukatia sahihi. Na kila wiki kile ambacho tungelipa kikaenda kwa Bi Olwen mpaka kofia ikawa yako."

Glenys aliketi. Kofia ilikuwa pale pale pembeni, juu ya mguu wake wa chuma, imeinamisha kichwa. Aliikumbuka siku ilipoletwa kwa mkokoteni, na yeye akikimbia mbele yake kufungua milango kama anayepokea bibi harusi. Aliukumbuka mkia wa P. Aliyakumbuka hata yale maneno, neno kwa neno. Ila kwenye kumbukumbu yake yalitoka kinywa kingine. Idwal alikuwa amesimama dirishani, kijana wa miaka ishirini na mmoja, kalamu mkononi, akicheka: "Una mume, stempu ya nini?"

"Ulisema wewe," alisema Glenys.

"Ulisema wewe."

Wakatazamana. Walikuwa wawili tu siku ile, na hakukuwa na wa kuulizwa. Huenda Idwal anadanganya. Huenda ameyarudia kichwani miaka thelathini na moja mpaka yakawa kweli. Huenda, na hili ndilo lililomtia baridi zaidi, yeye Glenys ndiye aliyefanya hivyo.

Jumatatu alikwenda ofisi ya bima kwenye mji wa pili. Binti wa dirishani alikuwa na umri wa kuweza kuwa bintiye, na alieleza taratibu bila kiburi.

"Ukiajiriwa, mwajiri anakukatia. Ukijiajiri, unajilipia. Ukifanya yote mawili, unalipa kote kuwili, isipokuwa kazi yako mwenyewe ikiwa inaleta kidogo sana, hapo unaweza kuomba usamehewe."

"Mimi nilidhani stempu ya Tudor inanifunika kote, kama mwavuli."

"Hapana, Bi Parry. Na ile uliyokuwa ukikatwa haihesabiki kwenye pensheni."

"Na kwenye nywele nimelipa kiasi gani?"

"Hujalipa. Cheti kilikusamehe."

"Nani aliomba nisamehewe?"

Binti alitazama karatasi, akamtazama Glenys, akainamisha macho. "Wewe, Bi Parry."

Hesabu yenyewe haikuwa ndefu. Akikifuta cheti sasa, akalipa kamili miaka mitano iliyobaki, na kuijumlisha na ile minane ya usichana, angepata kama theluthi moja ya pensheni siku anayotimiza sitini. Asipokifuta, ile minane peke yake haifikii hata kiwango cha chini, na atangoja mumewe azeeke. Idwal alikuwa mdogo wake kwa miaka mitatu, na wanaume hungoja hadi sitini na tano. Ingekuwa miaka minane mingine ya kukanda unga kwa vidole hivi.

"Theluthi," alisema Glenys. "Theluthi ya kwangu mwenyewe?"

"Ya kwako mwenyewe."

Aliiomba fomu ya kukifuta cheti, akakataa kuijaza kwa haraka. Aliisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, hata yale maandishi madogo yanayotaja jina la mpiga chapa. Watu watatu walikohoa nyuma yake. Akatia sahihi kwa P fupi, iliyosimama wima.

Jumamosi iliyofuata alitoka tena upande wa wateja. "Bwana Tudor hakuniibia," alisema.

"Kwa sauti ile ile ya wiki iliyopita, tafadhali," alisema Tudor bila kuinua macho kutoka kwenye mizani.

"Bwana Tudor hakuniibia!" alipiga kelele, na watu wakacheka, na Tudor naye akatabasamu kidogo. Lakini aliporudi kwenye tanuri alipita karibu na lile gari jipya, na bado akaona ni jipya mno.

Alasiri ile aliifungua droo. Idwal alikuwa amekaa kwenye kiti chake, gazeti limefunguliwa ukurasa ule ule tangu chakula cha mchana. Glenys alizitoa karatasi zote, akaziweka mezani, akaanza kuzisoma moja baada ya nyingine na kuzichagua. Za kwake alizipanga ndani ya sanduku la bati alimokuwa akiwekea rola. Cheti cha kuzaliwa. Kadi ya hospitali. Hati ya saluni ya Bi Olwen kwamba amehitimu. Risiti ya kofia, yenye tarehe za malipo, kila wiki, bila kukosa hata moja. Barua ya mwaka sabini na saba ilikuwapo, na bahasha yake ilikuwa imefunguliwa, lakini bahasha haisemi imefunguliwa na nani.

"Huniamini," alisema Idwal kutoka nyuma ya gazeti.

Glenys alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu wote aliokuwa nao. "Sijui. Ila na mimi mwenyewe sijiamini, kama inakusaidia."

"Hainisaidii."

Chini kabisa ya droo kulikuwa na cheti chao cha ndoa, kimekunjwa mara mbili. Alikikunjua. Ile P ilikuwapo, na mkia wake, na jina la Idwal limeandikwa kando yake kwa herufi za mtoto wa shule aliyejitahidi. Alikishika juu ya sanduku lake, kisha akakishika juu ya droo. Idwal alikuwa ameshusha gazeti.

"Hicho unakiweka wapi?"

Glenys alikilaza mezani, akafunga sanduku lake, akaisukuma droo, akaenda kutia maji kwenye birika kwa sababu Nesta alikuwa anakuja kusetiwa saa kumi. Nesta alipofika, aliona karatasi, akaona nyuso mbili, akaketi chini ya kofia bila kuuliza, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele.

Usiku walikula upande mmoja wa meza, cheti kikiwa upande wa pili. Alfajiri Glenys alipoamka kwenda kwenye tanuri, giza bado zito, kilikuwa pale pale. Mtu fulani alikuwa amekiwekea kijiko juu yake kisipeperuke.